ANAYEMALIZA ALICHOLIPIA SI MHARIBIFU

Limezuka neno ambalo watumishi na walimu wengi wamelizoea kabla hawajalipima uzito. Neno lenyewe ni "matumizi mabaya". Zamani neno hilo lilimhusu mtu aliyekabidhiwa gari la umma akalipeleka harusini, au aliyekabidhiwa fedha za ushirika akajijengea nyumba. Siku hizi linamhusu pia mtu aliyenunua intaneti kwa fedha yake mwenyewe, kwa bei iliyotangazwa na muuzaji mwenyewe, kisha akaitumia sana. Hakuiba, hakughushi, wala hakuvunja kufuli la mtu. Kosa lake ni kwamba ametumia kingi kuliko muuzaji alivyotarajia.

Tuhuma hii ni potofu, na wenye elimu hawapaswi kuibeba na kuitangaza kana kwamba ni hekima.

Chukua mfano wa mwalimu wa Kikatiti, pale kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, ukishapita Usa River na Maji ya Chai. Mwalimu huyo ananunua kifurushi cha mwezi mzima kilichopewa jina la "bila kikomo". Anakitumia kupakua vitabu, kuwaonyesha wanafunzi picha za majaribio ya sayansi ambayo shule haina vifaa vyake, kujaza taarifa za shule na kujaza taarifa zake mwenyewe za kiutumishi. Jioni watoto wake nao wanajisomea kwa simu hiyo hiyo. Wiki ya pili haijaisha, kasi inaanguka. Ukurasa uliofunguka kwa kufumba na kufumbua sasa unazunguka mpaka chai inapoa. Akiuliza, anajibiwa kwamba amevuka kiwango cha "matumizi ya haki", na kwamba kanuni hiyo imewekwa kuwadhibiti wanaoitumia huduma vibaya.

Swali linalopaswa kuulizwa na kila mtu mwenye akili timamu ni jepesi. Kama kikomo kipo, kwa nini bidhaa iliitwa "bila kikomo"? Na kama kikomo hakipo, mwalimu amekivuka vipi?

MFEREJI NA MNARA

Watetezi wa tuhuma hii wana hoja moja yenye uzito, na ni haki isikilizwe. Wanasema kwamba intaneti ni mali ya kupokezana. Mnara mmoja wa simu huhudumia watu wengi kwa wakati mmoja, na mawimbi yake yana uwezo wenye mwisho. Mmoja akivuta kingi, wenzake hubaki na kidogo. Kwa hiyo, wanasema, anayevuta kingi anawadhulumu wenzake, na lazima azuiwe.

Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli tupu. Mnara hugawana uwezo wake baina ya wote walio chini yake, na waya wa nyumbani nao mwisho wake huungana na njia kubwa inayobeba shehena za wengi. Hakuna mtaalamu anayelikana jambo hilo. Lakini hitimisho linalotolewa halifuati kabisa kutokana na ukweli huo, na watu wanaofahamu vizuri kuliko wote kwamba halifuati ni watu wa Meru.

Kwa vizazi vingi wakulima wa miteremko ya Mlima Meru wameishi kwa mifereji. Maji yanayoteremka mlimani kuelekea mto Kikuletwa, na hatimaye bwawa la Nyumba ya Mungu, yamekuwa yakikingwa njiani na kugawanywa mashambani kwa zamu. Mfereji nao ni mali ya kupokezana. Maji yake nayo yana mwisho, hasa wakati wa kiangazi. Lakini katika mfereji unaosimamiwa vizuri kila mtu anajua zamu yake ni ipi, inaanza lini na inakwisha lini. Mkulima ambaye zamu yake imefika akafungulia maji, akanywesha migomba na mahindi yake mpaka dakika ya mwisho ya zamu, hawezi kuitwa mharibifu. Ametumia haki yake. Anayeitwa mharibifu ni yule anayeamka usiku wa manane na kuufungulia mfereji katika zamu ya jirani, au anayetoboa ukingo ili maji yavujie kwake kwa siri.

Yupo na mkosaji mwingine katika mambo ya mfereji, ambaye tuhuma za siku hizi zinamsahau. Huyo ni msimamizi anayepokea ada ya wakulima 100 kwa mfereji unaotosha 40, akamwahidi kila mmoja wao maji ya kutosha, kisha kiangazi kinapoingia anasimama ukingoni na kumnyooshea kidole mkulima wa kwanza aliyelowesha shamba lake. Msimamizi wa namna hiyo angeitishiwa mkutano. Angeulizwa ada za wale 60 alizipokea kwa maji yapi. Hakuna mzee ambaye angekubali jibu la kwamba shida yote imeletwa na mkulima mwenye bidii.

Mambo ndivyo yalivyo katika intaneti. Uchache wa uwezo wa mnara unamtaka muuzaji aseme kweli juu ya kile anachouza. Haumpi ruhusa ya kuuza asichonacho na kumtukana aliyekuja kukidai.

HESABU HAIDANGANYI

Inafaa hoja hii ipimwe kwa tarakimu. Tuseme mteja amenunua huduma yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, na kwamba mahali fulani katika masharti limefichwa sharti la gigabaiti 500 kwa mwezi. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo kasi hiyo ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 4.5 kwa saa, au gigabaiti 108 kwa siku. Katika mwezi wa siku 30 kasi aliyoinunua ina uwezo wa kubeba gigabaiti 3,240. Kikomo cha gigabaiti 500 kitafikiwa kwa muda wa saa 111 tu za kutumia kasi hiyo kikamilifu, yaani siku nne na nusu na ushei. Siku nyingine 25 zilizobaki mteja alizilipia, lakini kwa kasi aliyoahidiwa hazimo.

Itajibiwa kwamba hakuna mtu anayetumia kasi yote usiku na mchana. Ni kweli. Muuzaji hupanga biashara yake kwa kutegemea kwamba wengi watatumia kidogo na wachache watatumia kingi, na mpango huo si haramu. Benki nayo huendesha kazi zake kwa kutegemea kwamba wenye akiba hawatafika wote siku moja. Lakini mwenye akiba akifika dirishani na kuidai fedha yake yote, karani hamwambii kwamba ametoa fedha kupita kiasi na kwamba tabia yake inawaumiza wateja wengine. Anahesabiwa fedha zake. Makadirio ya muuzaji ni siri ya biashara yake, na hasara ya makadirio mabovu ni yake pia. Mnunuzi hakuwemo katika kikao yalipopangwa.

Zaidi ya hayo, jumla ya mwezi haielezi kama mtu amewasumbua wenzake au la. Msongamano hutokea saa maalumu. Saa 2 usiku watu wamerudi majumbani, wamekula, na kila mmoja ameshika simu. Hapo mnara hulemewa. Saa 8 usiku mnara ule ule umekaa bila kazi. Mtu anayepakua masomo ya mwezi mzima usiku wa manane, hata yakifika gigabaiti 200, hajamnyima mtu hata chembe. Mtu anayetazama sinema kila siku saa 2 usiku, hata akitumia robo ya kiasi hicho, yumo katika msongamano. Kwa kipimo cha jumla ya mwezi, wa kwanza ndiye mharibifu na wa pili ni raia mwema. Kipimo kinachomwadhibu asiyemsumbua mtu na kumwacha aliyemo katika msongamano hakiwezi kuitwa kipimo cha haki. Kampuni inayotaka kweli kulinda wateja wake saa ya msongamano ina njia ya kufanya hivyo: igawe sawa uwezo uliopo katika saa hiyo, kisha msongamano ukipita kila mtu arudishiwe kasi yake.

YALIYOTOKEA KWINGINEKO

Tuhuma hii haikuzaliwa Arusha, na wala mjadala wake si mpya. Nchini Marekani kampuni ya AT&T iliwauzia mamilioni ya watu vifurushi vya simu vilivyotangazwa kuwa havina kikomo. Mwaka 2011 ikaanza kuwapunguzia kasi wateja hao hao kila walipovuka kiwango fulani kwa mwezi. Wengine walibanwa baada ya kutumia gigabaiti 2 tu. Mwezi Oktoba 2014 tume ya serikali kuu ya nchi hiyo inayosimamia haki za wanunuzi ilifungua mashtaka, ikidai kwamba zaidi ya wateja milioni 3.5 waliathirika na kwamba hawakuelezwa kwa uwazi. Kesi ilivutwa kwa miaka mitano. Novemba 2019 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 60 ili kumaliza shauri, na ikakatazwa kutangaza huduma ya namna hiyo bila kueleza vizuizi vyake waziwazi mahali panapoonekana.

Izingatiwe vizuri shauri hilo lilihusu nini. Tume haikudai kwamba kampuni haina haki ya kuweka kikomo. Ilidai kwamba haina haki ya kuahidi kitu kimoja na kutoa kingine. Na hiyo ni Marekani, nchi ambayo haiwezi kushukiwa kwamba inawaonea wafanyabiashara.

Mwaka 2018 ulikuja mfano mwingine uliowafumbua macho wengi. Jimbo la California liliwaka moto mkubwa wa misitu. Zimamoto wa Kaunti ya Santa Clara walikuwa na gari maalumu la mawasiliano lililotumika kuratibu vikosi, na gari hilo lilitumia kifurushi cha Verizon kilichoitwa hakina kikomo. Katikati ya moto kasi ilibanwa mpaka kazi ikawa karibu haiwezekani. Walipoomba waondolewe kizuizi, walielekezwa wanunue kifurushi cha bei ya juu zaidi. Baadaye kampuni ilikiri kwamba ilikosea na kwamba kizuizi kilipaswa kuondolewa wakati wa dharura. Hapo ndipo inapoonekana hatari ya kumwita kila mtumiaji mkubwa mharibifu. Katika orodha ya waliotumia kupita kiasi mwezi ule, aliyekuwa akizima moto na aliyekuwa akicheza michezo ya kompyuta waliwekwa kapu moja.

Afrika Mashariki nayo imetoa mfano, na safari hii ni mfano wa afadhali. Novemba 2024 huduma ya setilaiti ya Starlink ilisitisha kusajili wateja wapya jijini Nairobi na katika baadhi ya kaunti jirani, kwa sababu uwezo wake katika eneo hilo ulikuwa umejaa. Kampuni hiyo ina mengi ya kujibu mahali pengi, lakini katika jambo hilo moja ilifanya kile ambacho msimamizi mwaminifu wa mfereji angefanya: ilipoona maji hayatoshi, iliacha kupokea ada mpya. Ilisema imejaa. Neno "tumejaa" huenda likampunguzia muuzaji mapato ya mwezi, lakini halimpunguzii heshima.

NANI HUYU MTUMIAJI MKUBWA?

Wanaolaumu hupenda kumchora mtumiaji mkubwa kama kijana mvivu anayekesha akitazama mpira na sinema. Picha hiyo ni ya uvivu wa mawazo. Hata kama ingekuwa ya kweli, kijana aliyelipia ana haki sawa na profesa aliyelipia, kwa kuwa muuzaji hakuuza kwa masharti ya maadili. Lakini katika mahali kama Kikatiti picha hiyo inamficha mtumiaji mwingine, naye ni mtumishi wa umma.

Shughuli za utumishi zimehamia mtandaoni kwa kasi kubwa. Tangu mfumo wa PEPMIS uchukue nafasi ya fomu za OPRAS, mtumishi hujaza malengo na utekelezaji wake kwa kompyuta au simu. Maombi ya likizo na ya uhamisho hupitia mfumo wa ESS. Manunuzi ya umma yamewekwa katika mfumo wa NeST tangu mwaka 2023, na mkuu wa shule anayenunua chaki na karatasi anapaswa kuujua. Wanafunzi husajiliwa kwa mitihani mtandaoni, na matokeo yao husomwa mtandaoni. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, yanayoitwa MEWAKA, yana sehemu inayosomwa mtandaoni kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inamtaka mwalimu awe na vitabu na miongozo ambayo mara nyingi humfikia kwanza kwa njia ya simu.

Haya yote ni maendeleo, na hakuna mtu mwenye nia njema anayetaka kurudi enzi za majalada yaliyopotea na safari za kwenda makao makuu ya halmashauri kufuatilia barua moja. Lakini kila mfumo unaofunguliwa unakula bando, na bando hilo lina mwenyewe. Katika shule isiyo na kompyuta wala intaneti yake, mwenye bando ni mwalimu. Anatoa fedha katika mshahara wake kununua chombo cha kufanyia kazi ya mwajiri. Kisha mwalimu huyo huyo, akiwa ametumia kifurushi chake kwa bidii ya kazi, anaambiwa na muuzaji kwamba ametumia vibaya. Mkulima hulaumiwa kwa kuwa hakulima. Mwalimu huyu analaumiwa kwa kuwa amelima sana.

Ndiyo maana wananchi walipaza sauti mwanzoni mwa Aprili 2021. Kanuni ndogo za vifurushi zilizoanza kutumika tarehe 2 ya mwezi huo zilikusudia mema: mteja ajulishwe kifurushi kinapokaribia kwisha, na aruhusiwe kumhamishia mwenzake kiasi alichokinunua. Lakini zilipoanza kutumika watu walikuta bei za vifurushi zimepanda. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Serikali ikaagiza bei hizo mpya zisitishwe. Fundisho la siku hizo halikuwa juu ya bei peke yake. Lilionyesha kwamba kifurushi cha intaneti kimetoka katika orodha ya anasa na kuingia katika orodha ya mahitaji, karibu na sabuni na mafuta ya taa, na kwamba jambo linalogusa kifurushi linagusa jikoni kwa watu.

MATUMIZI MABAYA YA KWELI

Kusema hivi hakuna maana kwamba matumizi mabaya ya intaneti hayapo. Yapo, na yaitwe kwa jina lake.

Mtu anayenunua kifurushi cha nyumbani chenye sharti la wazi la kutokiuza tena, kisha akakigawa kwa mtaa mzima na kukusanya fedha, amevunja mkataba alioukubali. Mtu anayetumia laini yake kutuma ujumbe wa utapeli, kuingilia akaunti za wenzake au kusambaza picha za kuwadhalilisha wengine ni mhalifu, hata kama ametumia megabaiti moja. Ubaya wa matendo hayo uko katika tendo lenyewe. Haupimwi kwa gigabaiti.

Na liko tendo jingine ambalo wasomaji wa ukurasa huu wanalifahamu vizuri kuliko wengi. Ni intaneti ya ofisi. Hiyo imelipiwa kwa kodi ya mwananchi, pamoja na yule mama anayeuza ndizi sokoni Kikatiti. Inapotumika asubuhi nzima kutazama mechi za jana na kupakua filamu za kupeleka nyumbani, huku mwananchi akiambiwa dirishani kwamba "mtandao uko chini", hayo ndiyo matumizi mabaya kwa maana kamili ya neno. Mtumiaji hakulipa, kitu si chake, na aliyelipa ananyimwa huduma. Ni gari la umma lililopelekwa harusini, tofauti ni kwamba safari hii halionekani barabarani.

Ajabu ni kwamba tendo hilo husamehewa kwa kicheko, wakati mwalimu aliyemaliza kifurushi chake mwenyewe anaitwa mharibifu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mtumishi anayetaka neno "matumizi mabaya" libaki na maana yake aanze kulitumia katika meza yake mwenyewe kabla hajalipeleka nyumbani kwa jirani.

HOJA YA MWISHO YA WATETEZI

Inabaki hoja moja. Inasemwa kwamba watumiaji wadogo wanawabeba watumiaji wakubwa, kwa kuwa wote wanalipa bei moja. Kwa hiyo mtumiaji mkubwa ni kupe anayekula jasho la mwenzake.

Hoja hii inajidai kuwatetea wanyonge, na ndiyo maana inawapendeza wengi. Lakini iulizwe: ni nani aliyepanga bei iwe moja? Mtumiaji mkubwa hakuipanga. Muuzaji ndiye aliyeona faida katika kuuza kwa bei moja, kwa kuwa mteja mdogo hulipa zaidi ya anachotumia na hivyo kumletea faida nono. Kama muuzaji anamwonea huruma mteja mdogo, amtengenezee kifurushi kidogo cha bei ndogo kisichokwisha muda wake kabla hakijatumika. Umeme umeuzwa kwa njia hiyo miaka mingi. Mwenye mita ya LUKU hununua uniti, huzitumia kwa siku moja au kwa mwezi mmoja apendavyo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amezimaliza kwa utovu wa adabu. Anayetaka nyingi hununua nyingi. Huruma ya kweli kwa mnyonge huonekana katika bei anayolipa. Kumchongea kwa jirani yake hakumpunguzii hata senti moja.

LA KUFANYA

Yapo mambo manne yanayoweza kufanyika bila kungoja mwujiza.

La kwanza ni jina la bidhaa. Kifurushi chenye kikomo kisiitwe "bila kikomo". Kikomo kiandikwe kwa herufi kubwa sawa na zile za bei: kiasi gani kwa kasi gani, na baada ya hapo kasi gani. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na hakuna sababu ya kudhani kwamba upotoshaji unakuwa halali ukiuzwa kwa gigabaiti badala ya kilo.

La pili linamhusu msimamizi. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ina wajibu wa kulinda mtumiaji, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano kwa ajili hiyo hiyo. Vyombo hivyo vifanye maneno "matumizi ya haki" yawe na maana moja iliyo wazi kwa kampuni zote, yasibaki kuwa mfuko ambao kila muuzaji anatia humo anachotaka.

La tatu linamhusu mwajiri. Kazi ya ofisi itendeke kwa intaneti ya ofisi. Panapokuwa hapana, kama ilivyo katika shule nyingi za vijijini, mtumishi apewe kifurushi cha kazi kama anavyopewa kalamu na karatasi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulijengwa kwa fedha nyingi za umma kuanzia mwaka 2009, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili huduma zifike mahali ambapo biashara peke yake haifiki. Uwekezaji huo utakamilika maana yake siku mwalimu wa kijijini atakapojaza taarifa za serikali bila kugusa fedha ya unga wa watoto wake.

La nne linamhusu mtumiaji mwenyewe. Asome masharti kabla ya kununua. Ahifadhi tangazo alilolikuta siku ya kununua. Akibanwa, alalamike kwa maandishi kwa mtoa huduma, na asiporidhika apeleke lalamiko kwa Mamlaka. Kunung'unika kibarazani hakujawahi kurekebisha kanuni hata moja. Zaidi ya yote, aache kuona haya. Wako walimu wanaoomba radhi kwa kutumia sana, kana kwamba wamekutwa na mali ya wizi. Hawana cha kuombea radhi.

Wazee walisema ahadi ni deni. Muuzaji aliyeahidi intaneti bila kikomo anadaiwa intaneti bila kikomo, na deni hilo halifutwi kwa kumwita mdai mlafi. Kama hawezi kulilipa, njia ya heshima iko wazi: aseme ana kiasi gani, auze kiasi hicho, na mnunuzi ajue anachonunua. Ikifika siku hiyo, mwalimu wa Kikatiti atajua zamu yake inaanzia wapi na kuishia wapi, kama jirani yake mkulima anavyojua zamu yake ya mfereji. Na ndani ya zamu hiyo atumie mpaka tone la mwisho, kwa kuwa ni lake.